ALIYEUMWA NA NYOKA AKIONA UNG'ONGO HUSHTUKA
Somo la Afya: Kuishi na Maumivu Sugu ya Mgongo

UTANGULIZI

 

Kila mwaka katika jarida letu mmezoea kusoma masomo ya fiqhi, sira na akhlaqi. Safari hii nimeombwa niandike somo la afya, nami nimechagua maradhi ambayo hakuna mtaa usioyajua, nayo ni maumivu ya mgongo. Nimeyachagua kwa sababu mbili.

Kwanza, ni maradhi ya watu wengi mno. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Miongoni mwa wazazi wenu wamo wavuvi wanaovuta jarife, akina mama wanaobeba ndoo za lita 20, mafundi cherehani na madereva wa daladala. Waulizeni, watawaambia.

Pili, mwandishi wa somo hili ni mgonjwa wa mgongo. Wanafunzi wa zamani wanakumbuka ile miaka miwili niliyofundisha nimeegemea ukuta, na kuswali juu ya kiti cha plastiki mwisho wa safu.

Lengo la somo ni moja. Tunataka msomaji aelewe kwamba maumivu yaliyokaa muda mrefu ni ya kweli, lakini si kila mara yanamaanisha kuwa mgongo unaharibika. Aidha, aelewe kwamba kuulegeza mwili, kuituliza hofu na kurudi taratibu kwenye harakati ni sehemu ya tiba.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2016 tulikuwa tunajenga ukuta wa uwani. Niliinua mfuko wa saruji wa kilo 50, nikageuka nao, nikahisi kitu kama kamba kimekatika kiunoni. Nililala wiki nzima. Baada ya hapo nilipigwa picha ya eksirei. Mtu wa tiba aliyeisoma aliielekeza dirishani, akasema, "Pingili zimesagika. Usiiname tena, wala usibebe kitu." Sikuuliza swali hata moja. Nilitoka na maneno yale, nayo yakawa mazito kuliko ule mfuko.

Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nilivaa mkanda wa kiuno mchana kutwa. Niliacha baiskeli. Kwenye maziko wenzangu walipokezana jeneza mabegani, mimi nikatembea pembeni. Nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu kila siku mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Na maumivu hayakupungua, bali yalipanda mpaka mabegani na kushuka mpaka mapajani.

Siku moja nimelala barazani nikamsikia binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akimkataza mdogo wake, "Usimpande baba, atavunjika." Hapo ndipo nilipojua kwamba hofu yangu imekwisha enea nyumba nzima.

Mwaka uliofuata nilipelekwa kwenye kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Mama aliyenipokea alinipima miguu, nguvu na hisia. Kisha akaniambia niokote kalamu iliyokuwa sakafuni. Kabla sijainama alinisimamisha, akauliza, "Ustadh, mbona umezuia pumzi?" Nikatazama, kumbe kweli. Pumzi nimeibana, meno nimeyauma, tumbo na kiuno nimevikaza, na bado sijasogea hata inchi moja. Somo langu lilianzia hapo.

MAUMIVU NI NINI?

Wengi wetu tunadhani maumivu ni kipimo cha kidonda, yaani kidonda kikubwa, maumivu makubwa. Lakini mambo hayako hivyo. Mtoto akicheza mpira huweza kuchanika mguu asijue, mpaka atakapoona damu. Kidonda kipo, maumivu hayajaja.

Na kinyume chake pia kipo. Mwaka 1995 jarida moja la madaktari la Uingereza lilieleza kisa cha fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15, ukapenya buti mpaka juu. Maumivu yalikuwa makali kiasi cha kupewa dawa nzito za kumtuliza. Buti lilipovuliwa, ilionekana msumari umepita katikati ya vidole na mguu hauna hata mkwaruzo. Yule fundi hakuwa anajidai. Aliumia kweli, kwa sababu ubongo wake uliona msumari ukapiga kengele.

Kwa hiyo maumivu ni kengele ya ulinzi. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ubongo nao huzipima habari hizo pamoja na mambo mengine: kilichotokea zamani, ulichoambiwa, unachokiogopa, usingizi ulioupata, na dhiki uliyonayo. Ukiona kuna hatari, hupiga kengele.

Mgongo ukiumia, mara nyingi misuli na mishipa yake hupona ndani ya wiki au miezi michache. Maumivu yakizidi miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu. Katika wagonjwa wengi wa hali hiyo, kengele imebaki kuwa nyepesi mno. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauna sumu, lakini mshtuko ni wa kweli, moyo unadunda kweli na jasho linatoka kweli. Mgongo wangu ulikwisha kuumwa na nyoka. Kila nilipotaka kuinama, ukaona ung'ongo.

Na picha ya eksirei je? Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote. Walikuta dalili za kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na asilimia 80 ya watu wa miaka 50. Kumbuka, hawa ni watu wazima wa afya. Kwa hiyo mengi yanayoitwa "kusagika" ni kama mvi za ndani. Yanakuja na umri, na peke yake hayathibitishi kwamba ndiyo yanayouma.

DUARA LA HOFU

Hebu tazameni jinsi mambo yanavyozunguka:

1. Mgongo unauma, mtu anaogopa.
2. Akiogopa, anabana pumzi na kukaza misuli.
3. Misuli iliyokazwa kutwa nzima inachoka na kuuma.
4. Akiumwa, anaacha harakati na kulala.
5. Akilala, misuli inalegea nguvu, usingizi wa usiku unaharibika, na fikra zinazidi.
6. Siku akijaribu kufanya kazi, anaumwa zaidi, na hofu inathibitika.

Duara hili hukatwa popote mtu anapoweza. Wengine huanza na misuli, wengine na fikra, wengine na mwendo. Mimi nilianza na pumzi.

LAKINI KWANZA: DALILI ZA HATARI

Kabla ya kuendelea, ni wajibu kusema kwamba si kila mgongo ni ung'ongo. Nyoka wapo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda hospitali upesi endapo pamoja na maumivu ya mgongo kuna:

- kushindwa kuzuia haja, au mkojo kuziba;
- ganzi sehemu za siri na makalioni, au miguu kupungua nguvu (hizi mbili za mwanzo ni za kukimbizwa saa hiyo hiyo);
- homa, jasho la usiku au kupungua uzito, kwani kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo hata kwa mtu asiyekohoa;
- kuanguka kutoka juu, au ajali ya gari au pikipiki;
- historia ya saratani;
- maumivu yasiyopungua hata ukilala, au yanayozidi usiku.

Mtoto anayelalamikia mgongo kwa wiki kadhaa naye apelekwe kwa daktari, asiambiwe anatega kazi. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kupimwa ni sehemu ya tiba.

ZOEZI LA KULEGEZA MWILI

Zoezi hili lina asili yake. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliandika mwaka 1929 juu ya njia ya kukaza misuli kwa makusudi na kisha kuiachia, ili mtu ajifunze tofauti ya hali mbili hizo. Mtu aliyekaza kiuno kwa mwaka mzima hajui kuwa amekaza. Mwaka 1975 Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kukaa kwa utulivu, kupumua taratibu na kurudia neno moja hupunguza mapigo ya moyo na kasi ya pumzi.

Hatua ni hizi. Tenga dakika 15, mara mbili kwa siku.

1. Lala chali juu ya mkeka au godoro, weka mto chini ya magoti. Asiyeweza akae kitini.
2. Weka mkono juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua mpaka mkono upande. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyovuta. Fanya hivyo mara kumi.
3. Kunja vidole vya miguu na kuvikaza, hesabu mpaka tano. Achia ghafla, hesabu mpaka kumi na tano ukisikiliza jinsi uzito unavyoshuka.
4. Panda juu: ndama za miguu, mapaja, makalio, tumbo, viganja, mikono, mabega, taya na paji la uso. Kila mahali kaza, kisha achia. Penye maumivu usikaze kwa nguvu. Kaza kidogo tu, au pafikirie na kuachia.
5. Maumivu yakija, usigombane nayo. Sema moyoni, "Nimeisikia kengele, niko salama," kisha rudi kwenye pumzi.
6. Ukimaliza usiinuke kwa kishindo. Geuka ubavu, kaa, kisha simama.

Mtu anaweza kuleta dhikri kwa ulimi au moyo wakati wa kupumua, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya. Lakini tusichanganye mambo. Dhikri ni ibada, inaletwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mgongo uume usiume. Zoezi ni sababu miongoni mwa sababu, kama kidonge.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote, na nilitaka kuacha. Wiki ya tatu mke wangu aliniambia kwamba nimeacha kusaga meno usingizini. Maumivu yalikuwepo bado, lakini usingizi ulikwisha kurudi.

KUBADILI MTAZAMO

Kubadili mtazamo si kujidanganya kwamba huumwi. Ni kusahihisha maneno ambayo ubongo unayasikia kila siku. Yule mama wa fiziotherapia alinipa daftari, niandike upande mmoja ninayojiambia, na upande wa pili yaliyo kweli.

Niliandika, "Mgongo wangu umekwisha." Upande wa pili nikaandika, "Mgongo wangu umechoka na umeogopa. Umebeba mwili huu zaidi ya miaka 40, na unaweza kuzoezwa."
Niliandika, "Nikiinama nitapooza." Upande wa pili, "Nimepimwa, miguu ina nguvu. Kuinama kutauma kidogo, hakutanivunja."
Niliandika, "Leo pameuma, kwa hiyo nimeharibu." Upande wa pili, "Jana sikulala na nilikuwa na deni la kuwaza. Kengele ilikuwa nyepesi."

Je, haya yana ushahidi? Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo yao kwa watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo yasiyo na ugonjwa maalumu. Waliofundishwa kwa wiki nne kuyaona maumivu yao kama kengele isiyo na hatari, asilimia 66 walimaliza wakiwa hawana maumivu au karibu hawana. Katika kundi lililopewa sindano ya maji ya chumvi ilikuwa asilimia 20, na waliobaki na tiba yao ya kawaida asilimia 10. Huo ni utafiti mmoja, na maumivu ya wengi wao hayakuwa makali mno, hivyo tusiufanye muujiza. Lakini Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, lilitaja elimu, mazoezi na tiba za nafsi miongoni mwa njia za kutibu maumivu sugu ya mgongo, na halikupendekeza mikanda ya kiuno. Mkanda wangu sasa unafungia mzigo wa kuni.

KURUDI KIDOGO KIDOGO

Kulegeza mwili bila kurudi kwenye harakati ni kunoa jembe na kuliweka uvunguni. Hapa kosa letu kubwa ni hili: siku tukijisikia vizuri tunalima shamba zima, kesho yake tunalala siku tatu. Kanuni ni kuchagua kiasi unachokiweza hata siku mbaya, ukifanye kila siku, na kuongeza kidogo kila wiki. Siku njema usipitilize, siku mbaya usilale kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi nilianza kwa kutembea mpaka kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Wiki iliyofuata mpaka dukani. Baada ya miezi minne nilifika sokoni.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa sijida. Hapa niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Dini yetu ni nyepesi. Sahaba Imran bin Huswayn (R.A.) alikuwa mgonjwa akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Aliye kitini kwa udhuru asione haya, wala asitazamwe kwa jicho baya. Lakini mimi nilikwisha ambiwa na waliyenipima kwamba ninaweza kuinama. Kilichonibakiza kitini ilikuwa hofu.

Basi nikaweka mito mitatu mbele yangu chumbani, nje ya swala, nikajizoeza kuweka paji la uso juu yake huku nikitoa pumzi. Wiki mbili baadaye mito miwili, kisha mmoja. Siku niliyoswali Alfajiri na paji langu likagusa mkeka, paliuma. Niliinuka, nikasujudu tena, na sikuvunjika. Binti yangu aliyekuwa nyuma na mama yake alingoja nikatoa salamu, akaja akanipanda mgongoni bila kuuliza.

SUBIRA SI KULALA

Wengine husema, "Haya ni majaliwa, tusubiri." Majaliwa ni kweli, na subira ni wajibu. Lakini tumtazame Nabii Ayyub (A.S.), kigezo cha subira. Katika maradhi yake hakuacha kumwomba Mola wake. Na dua yake ilipojibiwa, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, na maji yakatoka ya kuogea na kunywa. Aliyeweza kumponya bila jambo lolote alimtaka aanze kwa kutikisa mguu. Hivyo basi, subira ni kubaki njiani hata kama mwendo ni mdogo.

NASAHA KWA NYUMBANI NA MADRASANI

Kwa wanafunzi: msikae mmeinamia kitabu saa nzima bila kusogea. Kila baada ya nusu saa simameni, nyoosheni mikono, tembeeni. Hakuna mkao mmoja ulio mzuri kutwa. Mzuri ni ule unaobadilishwa.

Kwa wenye wagonjwa: msimwambie anajidai, maana maumivu yake ni ya kweli. Wala msimpokonye kila kazi mkononi, kwa sababu mtamwambia bila kusema kwamba amekwisha. Mpeni kazi ndogo, mwacheni aimalize.

Kwa wagonjwa: dawa za kutuliza maumivu zinywewe kwa ushauri. Zikinywewa kila siku kwa muda mrefu, nyingi huumiza tumbo na figo.

Mimi sijapona kabisa. Wiki za mvua na wiki za mitihani mgongo hunikumbusha. Lakini sasa ikilia kengele ninatazama kwanza: je, ni nyoka au ni ung'ongo? Mwaka jana kwenye maziko ya jirani yetu nilipokea jeneza begani, hatua ishirini hivi, kisha nikampokeza mwingine.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza tofauti kati ya maumivu na kidonda, kwa mfano mmoja.
2. Maumivu huitwa sugu baada ya muda gani?
3. Taja dalili nne za hatari zinazomtaka mgonjwa aende hospitali upesi.
4. Chora duara la hofu, kisha onyesha mahali pawili linapoweza kukatwa.
5. Fanya zoezi la kulegeza mwili pamoja na mzazi wako kwa siku saba, na uandike mlichokiona.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.